Biskuti Bila Siagi

Kwanza nilisikia mwiko. Ko, ko, ko, kwenye ukingo wa bakuli, kisha kimya. Halafu tena, ko, ko, ko. Nilikuwa bado nje, mkono juu ya kitasa cha mlango wa nyuma, nikasimama kusikiliza. Namjua anavyopika akiwa na furaha: mwiko wake huzunguka bila kugonga kitu. Akigonga, ana neno kooni.

Nilisukuma mlango. Mwalimu alikuwa amenipa mgongo, aproni imefungwa mafundo mawili kiunoni, unga umemganda kwenye kiwiko. Mtaa mzima unamwita Mwalimu kwa sababu anafundisha hesabu. Mimi nimelichukua jina hilo nikalifanya langu, na nikilitamka lina utamu ambao wanafunzi wake hawaujui.

"Umechelewa," alisema bila kugeuka.

"Nimefika kabla ya saa uliyonipa."

"Basi mimi ndiye niliyewahi kuogopa."

Akageuka. Macho yake yalinipita usoni haraka haraka, kama mtu anayehakikisha kwamba kitu alichokiacha bado kipo mahali pake. Nilitaka kumfuta unga ule kwenye kiwiko. Sikuthubutu. Nyumba hii ilikuwa haijaniruhusu bado kugusa kitu chochote isipokuwa bisibisi yangu.

"Baba amesema uitwe," alisema. "Ametoka chumbani mwenyewe, akasema, 'Mwite yule fundi wako wa maneno.'"

Fundi wa maneno! Nilisaga meno. Mimi ni fundi wa majiko ya umeme. Nimeanza kufungua oveni za watu tangu ndevu hazijaota, nimefungua za hoteli, za shule, za hospitali, na sijawahi kuondoka mahali nikaacha jiko limenishinda. Tanuri la baba yake halikunishinda pia. Nililizima mwenyewe.

Nililizima kwa sababu ya macho yale yale yaliyokuwa yananitazama sasa. Baba yake, ambaye watu humwita Baba Mkate, ameoka mikate na biskuti miaka arobaini katika chumba kikubwa kilichopakana na nyumba. Miezi mitano iliyopita moyo wake ulijikwaa, akaanguka katikati ya trei zake. Madaktari walimrudisha nyumbani na masharti: siagi marufuku, joto la tanuri marufuku, kuamka kabla ya jua marufuku. Siku ya pili tu alikuwa anaulizia aproni yake. Ndipo Mwalimu alipokuja karakanani kwangu, akafunga mlango nyuma yake, akaniambia, "Lizime. Mwambie limeharibika. Na uniapie mimi kwamba hutasema." Nikaapa. Nilikwenda, nikafungua bamba la nyuma, nikachomoa waya mmoja wa kidhibiti joto, nikauviringishia tepu, nikafunga. Nikamwambia mzee kwamba kipuri hakipatikani.

Mwezi mmoja baadaye nilirudi nikiwa nimevaa shati la kupigwa pasi, kumwomba binti yake. Alinitazama mikono, si uso. "Siku tanuri langu litakapowaka," alisema, "ndiyo siku utakayokuja tuzungumze habari ya binti yangu. Simpi mwanangu mtu asiyeiweza kazi yake."

Sasa nihukumu wewe. Nikiliwasha, nimevunja kiapo na nimempoteza. Nisipoliwasha, sipewi. Miezi minne nimelala na fumbo hilo, na kila asubuhi naamka nikiwa bado mjinga.

"Njoo unisaidie kuponda," Mwalimu alisema, akanisukumia ndizi tatu zilizoiva mpaka zikawa na madoadoa. "Zipondeponde mpaka zisibaki na kitu. Hizo ndizo siagi yetu."

Nikachukua uma. Mezani kulikuwa na unga kidogo wa ngano, kopo la shayiri iliyobonyezwa, ile ya kupikia uji, bakuli la zabibu kavu, mdalasini, mtindi usio na mafuta, na mayai mawili ambayo alikuwa ameyatenga, ute upande huu na viini upande ule. Alipima kila kitu kwa mizani ndogo ya jikoni, uso umekaza, kama anasahihisha mtihani.

"Gramu mia mbili," alinong'ona. "Siyo mia mbili na tano."

"Gramu tano zitamuua nani?"

"Usiniambie neno kuua leo."

Mabega yetu yalikuwa karibu sana kiasi kwamba nilisikia joto lake kupitia mkono wa shati. Alimwaga shayiri juu ya ndizi, akakoroga, na mara hii mwiko haukugonga.

Shangazi yake aliingia kuchukua birika. Alikuwa amehamia hapo tangu kaka yake alipotoka hospitali, na kazi yake kubwa ilikuwa kuonja na kutoa maoni.

"Hazina siagi," alisema, akichungulia bakuli. "Hazina kiini cha yai. Sukari umeweka ya kumfutia mtoto machozi. Zina nini basi, mwanangu? Dua?"

"Zina shayiri, shangazi. Inasaidia moyo."

"Moyo wa farasi." Akanitazama juu mpaka chini. "Na wewe Cheche, umekuja kuponda ndizi au kuponda watu? Leo kaka yangu ameamka na ulimi mkali. Wewe nawe ukiguswa unalipuka. Nawaombeni, vyombo humu ni vyangu."

Cheche ndilo jina walilonipa mtaani. Sikulichagua, lakini siwezi kusema wamenionea.

Mwalimu alikuwa anachota mchanganyiko ule kwa kijiko na kuupanga kwenye trei mbili, vidonge kumi na viwili kila moja, akivibonyeza kwa mgongo wa uma kwa sababu biskuti zisizo na mafuta hazitawanyiki zenyewe. Alikuwa ndiyo kwanza amezisukuma ndani ya oveni na kutega saa ya jikoni dakika kumi na mbili, tuliposikia kandambili za baba yake zikija taratibu ukumbini.

Baba Mkate alikuwa amekonda, lakini mabega yalikuwa bado ya mtu wa kubeba magunia. Aliketi kwenye kiti cha karibu na oveni bila kukaribishwa, kama nahodha.

"Shikamoo, Mzee," nilisema.

"Marahaba. Kipuri kimefika?"

"Bado, Mzee."

"Kinatoka mwezini hicho?"

Shangazi alicheka ndani ya birika. Mimi nikatazama sakafu.

"Basi usijisumbue tena," mzee aliendelea, na sauti yake ilikuwa tulivu, jambo lililonitisha zaidi. "Ndiyo sababu nimekuita, nikwambie usoni kama mwanamume. Nimepata fundi mwingine. Anakuja kesho asubuhi. Akilifungua tanuri likawaka, mguu wako sitaki kuuona tena mlangoni kwangu. Binti yangu atapata wa kumpata."

Kitambaa cha kushikia trei kilimwanguka Mwalimu mkononi. Aliinama kukiokota na hakuinuka upesi.

"Baba, daktari alisema..."

"Daktari alisema nipumzike, mama. Nimepumzika. Hata mfu akipumzika miezi mitano anachoka." Akasimama. "Nakwenda kunawa mikono. Zikiiva hizo, nataka kuziona mwenyewe."

Alipotoka, shangazi alimfuata na birika, na naamini alifanya hivyo kwa huruma. Tukabaki wawili.

"Fundi mwingine akifungua lile bamba," nilisema kwa sauti ya chini, "atakuta waya umefunikwa tepu ya buluu. Mafundi wote wa mji huu wanajua ni nani anayetumia tepu ya buluu. Kufikia jioni nitakuwa tapeli."

"Najua."

"Mwambie leo."

"Nitamwambiaje? 'Baba, nilikudanganya ukiwa kitandani'? Na moyo wake ukishtuka?"

"Na wangu? Huu hauna daktari?" Nilijisikia nikiwaka, nikashusha pumzi. "Miezi mitano ananiita fundi wa maneno, mbele za watu. Nimebeba. Kama ni tusi la mwili ningecheka. Lakini kazi yangu, Mwalimu! Mimi sina shamba, sina jina la ukoo la kutishia watu. Nina mikono hii tu, na ameitupa kwenye takataka, na wewe unajua ukweli na unanyamaza."

Alinitazama. Machozi yalikuwa yamesimama kwenye kope, hayataki kushuka.

"Unafikiri sioni?" alisema. "Kila akikutukana, mimi ndiye ninayekutukana. Nikilala naisikia sauti yake ikisema maneno yangu. Lakini nilimkuta sakafuni, wewe hukuwepo. Midomo ilikuwa ya kijivu. Nilimshika kichwa, nikahesabu pumzi zake mpaka gari lilipokuja. Mia tatu na sita. Sitaki kuhesabu tena."

Nilitaka kumshika mkono, na safari hii nikaushika, unga na yote. Vidole vyake vilikuwa baridi.

Saa ya jikoni ililia. Alijinasua, akafungua oveni, na harufu ya mdalasini na ndizi iliyokolea ikajaa chumbani. Alitoa trei zote mbili. Biskuti zilikuwa zimevimba kidogo, rangi hafifu, katikati zikitetemeka ukizigusa.

"Rudisha," sauti ilisema mlangoni.

"Baba, zimeiva."

"Hizo?" Baba Mkate alikuwa anapangusa mikono kwenye taulo. "Mama, mimi nimeoka biskuti kabla mama yako hajafikiria kukuzaa. Hizo ni mbichi. Ukingo hauna rangi, katikati ni uji. Rudisha ndani dakika kumi."

"Hizi hazina mafuta, haziwi na rangi. Kitabu kinasema zitolewe zikiwa bado laini, zitakaza zenyewe zikipoa."

"Kitabu kimeoka miaka mingapi?"

Mwalimu alishika trei moja kwa nguvu. Baba yake akachukua kitambaa, akainua ile nyingine, na kabla hatujasema lolote akaisukuma ndani ya oveni na kufunga mlango kwa goti, mwendo alioufanya mara laki moja maishani mwake. Kwa sekunde ile uso wake ulikuwa wa kijana.

"Trei yako na trei yangu," alisema. "Watu waonje."

Akaketi tena kumtazama binti yake akipanga biskuti juu ya wavu wa waya zipoe, kisha macho yake yakanirudia mimi. Labda alikuwa anatafuta kazi ya kufanya hizo dakika kumi.

"Unajua kinachoniudhi kwako si tanuri," alisema. "Mashine hushinda watu. Kinachoniudhi ni kwamba hutaki kusema. Mimi mkate ukiungua nasema umeungua, namrudishia mtu haki yake. Wewe miezi mitano: kipuri, kipuri, kipuri. Mtu akishindwa, aseme nimeshindwa. Mtu asiyeweza kulisema neno hilo kwa chuma, atamwambia nini mke?"

Nilisimama. Kiti kilianguka nyuma yangu, na shangazi, aliyekuwa amerejea, akakumbatia birika lake. Sentensi ilikuwa tayari ulimini, fupi na kali kama kisu: *Muulize binti yako*. Maneno matatu tu, na jina langu lingenirudia.

Nikamtazama Mwalimu. Hakutikisa kichwa. Hakuniomba. Alisimama tu, biskuti moja kiganjani, akisubiri nifanye nitakalo, na nikaona kwamba nikisema hatanichukia. Hilo ndilo lililonimaliza. Mtu anayekupa ruhusa ya kumuumiza, utamuumizaje?

Nikainua kiti changu, nikakisimamisha vizuri.

"Nimeshindwa, Mzee," nilisema.

Sijawahi kulisema neno hilo. Nikiwa mdogo nilipigwa na vijana watatu na sikulisema. Lilitoka kinywani zito, halina ladha, na masikio yangu yakawaka moto.

Mzee alinitazama. Hakuonekana kufurahi. Alionekana kama mtu aliyesukuma mlango kwa nguvu, kumbe haukuwa umefungwa.

"Haya," alisema hatimaye, akainuka kutoa trei yake.

Biskuti zake zilitoka na rangi nzuri, ya dhahabu iliyokolea, kama za picha. Alizipanga kando ya zile za binti yake, akapuliza pumzi ya fahari. Tukasubiri zipoe, na kila mmoja alipata kitu cha kutazama kisichokuwa uso wa mwenzake.

Alikuwa wa kwanza kuchukua, moja ya zake. Akauma. Haikumegeka. Akaigeuza, akaijaribu kwa magego ya pembeni, na tukasikia mlio ambao sikujua kama ni wa biskuti au wa jino.

"Mama yangu weee," shangazi alisema. "Kaka, hiyo tuezekee banda."

Alijaribu ya pili. Aliigonga ukingoni mwa meza, ko, ikatoa sauti ya kigae. Kisha, polepole, akanyoosha mkono upande wa pili na kuchukua ya binti yake. Ilikuwa imekaza nje, ikamegeka kwa vidole viwili, ndani laini. Aliitafuna akiwa amefumba macho.

"Siagi ndiyo inayonong'ona," alisema, karibu anajisemesha mwenyewe. "Inachemka ukingoni, inakwambia, nitoe. Miaka arobaini nimesikiliza siagi. Hizi hazina ulimi. Zinaiva kimya kimya, na mimi nikazisubiri ziseme." Akafungua macho. "Nimekosea, mama. Wewe ulikuwa sahihi."

Mwalimu aliweka kiganja mezani kama anayetafuta pa kujishikiza. Wanaume wawili wenye vichwa vigumu kuliko vyote anavyovijua walikuwa wamekiri kushindwa jikoni kwake, alasiri moja.

"Baba," alisema. "Yeye hakushindwa."

"Nani?"

"Fundi. Tanuri halijaharibika. Mimi nilimwambia alizime. Nilimwapisha asiseme. Kila ulichomtukana, nilistahili mimi."

Shangazi aliweka birika chini bila sauti. Baba Mkate hakusogea. Kisha mkono wake ulipanda taratibu mpaka kifuani, na Mwalimu akaruka upande wa pili wa meza.

"Baba!"

"Tulia, najikuna." Akaushusha mkono. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Kila asubuhi, mkiwa mmelala, nakwenda kule. Naweka kiganja kwenye mlango wa tanuri. Baridi. Nikasema, haya basi, tumekwisha pamoja, mimi nalo. Ungeniuliza, mama. Ungenifungia mlango ukaniambia, baba sitaki ufe. Ningekasirika. Lakini ningejua kwamba mimi bado ni mzima."

Mwalimu alipiga magoti kando ya kiti, akaweka kichwa juu ya paja la baba yake, na yeye akamfuta unga kwenye kiwiko, unga ule ule niliotamani kuufuta mimi. Nikageuza uso. Kuna mambo hata mpenzi hana haki ya kuyatazama.

"Wewe," mzee aliniita. "Ulikata waya upi?"

"Sikukata, Mzee. Nilichomoa. Wa kidhibiti joto, wa pili kutoka kushoto. Nikauziba kwa tepu, nikaandika alama. Dakika tatu unarudi."

"Dakika tatu." Alitikisa kichwa. "Na ukakubali kuitwa mjinga miezi mitano."

"Nilikuwa nimemwahidi."

"Sawa. Hilo ni la kiume, sikukatalii. Lakini nisikilize, maana nitauliza mara moja tu." Aliinamisha kichwa kunitazama vizuri, mkono wake bado juu ya nywele za binti yake. "Mimi ulinidanganya kwa ajili yake, na ulinidanganya vizuri, macho makavu. Siku moja yeye naye utamdanganya kwa ajili ya nani?"

Mwalimu aliinua uso. Swali lilikuwa la baba yake, lakini niliona kwamba hata yeye alikuwa anasubiri jibu.

Moto wangu wa kawaida ulikuja, ukafika kifuani, ukakuta hapana cha kuchoma. Mzee alikuwa na haki. Nilikuwa nimejiona shujaa kwa muda wote ule, nimebeba tusi kama nishani, na sikuwahi kufikiri kwamba aliyekuwa anagusa chuma baridi kila asubuhi alikuwa mtu.

Nilizunguka meza nikasimama mbele yao wote wawili.

"Kesho, kabla ya huyo fundi mwingine hajafika," nilisema, "nitafungua lile bamba wewe ukiwa umesimama pembeni yangu, na nitaurudisha ule waya mbele ya macho yako. Daktari akisema lizimwe, nitalizima tena, wewe ukiona, hata ukinitukana mpaka mtaa ujae. Na huyu," sauti yangu ilitetemeka, nikaiacha itetemeke, "akinituma siku nyingine nikufiche jambo, nitamwambia hapana, hata akilia, hata akinifungia mlango. Sitakudanganya wewe kwa ajili yake, wala yeye kwa ajili ya mtu yeyote anayepumua. Nakuahidi, baba."